Mkaguzi na Tangi la Lita Elfu Mbili

Mkaguzi alistaafu mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa nne nyumba nzima ilikuwa imekwisha kukaguliwa. Alikagua sufuria, akakagua pasi, akakagua hata namna paka anavyolala. Miaka thelathini na moja alizunguka mashuleni akiwatia walimu matumbo joto, na sasa hakubakiwa na mtu wa yeye kumtisha ila mkewe, fundi cherehani, ambaye kila akikosolewa alizidi kukanyaga pedali mpaka maneno ya mume yakamezwa na mlio wa mashine.

Kwa hiyo siku aliyotangaza kwamba atafuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale, mkewe alishusha pumzi. Afadhali samaki wakaguliwe.

"Basi nenda kwa kaka yangu," alimwambia. "Yeye anao mradi huo mwaka wa pili sasa."

Kaka mtu alikuwa kinyozi. Nyuma ya kibanda chake aliweka tangi la lita mia tano na vitalu viwili vya kokoto. Pampu ndogo ilivuta maji machafu ya samaki kuyapeleka kwenye kokoto, mchicha ukajilia uchafu wake, na maji yakarudi tangini yametakata. Mchicha ule ulikuwa na majani mapana kama masikio ya ndovu, na jambo hilo lilimkera Mkaguzi tangu alipoingia.

"Shemeji, tangi linafuata vitalu," kinyozi alimweleza, mashine ya kunyolea ingali mkononi. "Vitalu vyangu vikijaa havizidi lita mia tano, na tangi ni hilohilo. Ukichukua dogo mno, jua kidogo tu maji yanakuwa moto kama uji, samaki wanakufa. Ukichukua kubwa ukalijaza samaki, mboga za vitalu viwili haziwezi kula uchafu wote."

"Na haya umeyasomea wapi?"

"Niliua samaki arobaini, shemeji."

"Hicho si cheti," alisema Mkaguzi, akaaga.

Alijifungia chumbani siku nne, akatoka na ripoti ya kurasa kumi na moja yenye utangulizi, malengo na hitimisho. Hitimisho lilikuwa lita elfu mbili. Vitalu vilibaki viwili, kwa sababu ripoti iliishiwa karatasi kabla ya kufika kwenye mboga. Ukweli ambao hakuuandika ni huu: tangi alitaka kuliweka kwenye baraza ya juu, mbele ya nyumba, na alikwisha kupima kwa kamba. La lita mia tano lingejificha nyuma ya ukuta wa baraza. La elfu mbili lingechungulia barabarani, kila mpita njia alione. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Huyu alichagua jembe kwa urefu wa mpini.

Fundi wa mabomba alipofika, alilizunguka tangi lililokwisha kupandishwa barazani mara mbili, akaenda ukingoni, akatazama chini.

"Mzee, chini ya hapa pana nini?"

"Choo cha wageni."

"Lita moja ya maji ni kilo moja. Hili likijaa ni tani mbili. Utakuwa umeegesha magari mawili juu ya choo."

"Maji ni maji, fundi. Si mawe."

Fundi alimtazama mke aliyesimama mlangoni na futi yake shingoni. Mke aliinua mabega. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Haya, mzee. Ila niruhusu nifunge koki kubwa ya kumwagia maji, huku ubavuni."

Mkaguzi aliruhusu kwa sababu koki ilikuwa inang'aa.

Uzinduzi uliwekwa Jumamosi saa nne asubuhi. Walialikwa walimu wakuu wastaafu sita, na shemeji kinyozi, ili ajifunze. Tangi lilijazwa tangu alfajiri. Samaki thelathini walisubiri ndooni wamwagwe na mgeni rasmi. Zikiwa zimebaki dakika kumi, Mkaguzi aliingia choo cha wageni kunyoosha tai.

Alipotaka kutoka, mlango ulikataa. Alivuta, ukakataa. Aliinua macho akaona ufa unatembea darini toka pembe hadi pembe, taratibu, kama mtu anayechora ramani, na chokaa ikamwagikia mabega ya koti lake.

"Mama watoto! Mlango umekwama!"

Wote walikimbilia. Fundi, aliyekuwa akikaza bomba la mwisho, alitupa jicho moja kwenye fremu ya mlango iliyopinda, akapanda ngazi mbilimbili.

"Asiguse koki!" ilipiga kelele sauti ya Mkaguzi kutoka kidirishani. "Wageni hawajaliona likiwa limejaa!"

"Baba watoto," mkewe alijibu, "wageni wanakuona wewe."

Koki ilifunguliwa. Tani mbili za maji ziliteremka uwanjani mbele ya nyumba zikabeba viti, viatu na hotuba ya kurasa sita. Walimu wakuu walipandisha suruali hadi magotini. Mkaguzi, uso umebanwa kwenye kidirisha, aliendelea kuelekeza nani asimame wapi, mpaka tangi likabaki tupu na kinyozi akaung'oa mlango kwa mtaimbo.

Alitoka mweupe kichwa hadi viatu. Akakohoa, akafunga kifungo cha koti.

"Jaribio la kwanza limetupatia takwimu muhimu," alisema.

Kisha mwalimu mkuu mmoja, mzee wa miwani, ambaye miaka ishirini nyuma Mkaguzi alimharibia daftari zima la maandalio kwa neno moja la wino mwekundu, alimshika bega akamwambia kwa upole neno lilelile: "Jitahidi." Kicheko cha wale wazee kilisikika mtaa wa pili.

Wiki ile mke hakuandika ripoti. Alijiuliza nyumba inakula mboga kiasi gani, akahesabu vitalu, akachukua tangi la lita mia tano, akaliweka kwenye sakafu ya chini, kivulini, nyuma ya jiko. Alitia samaki kumi na watano tu. Waliobaki alimpa kaka yake. Baada ya miezi sita walianza kula samaki. Choo cha wageni kina nguzo tatu za mbao mpaka leo, na anayeingia hunawa mikono akiwa amekumbatia mojawapo.

Juzi jirani alikuja kuuliza habari za ufugaji huu. Mkaguzi alivuta kiti karibu na tangi la mkewe, akakunja nne.

"Kosa la watu wengi ni tamaa," alimwambia. "Anza na lita mia tano. Tangi linafuata vitalu."

"Umeyajulia wapi haya, mzee?"

"Utafiti," alisema Mkaguzi. "Nilimfundisha hata shemeji yangu."

Ndani ya nyumba cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza kukimbia tena.