Gesi Haina Moshi, Alisema

Asubuhi ile nilitoka nilikolala mjini Baraka bila kujua naelekea wapi. Wanaonisoma hapa wamezoea kunikuta njiani, na wengine wamechoka kuniuliza nitatulia lini. Nilikwenda mahali wanapokaa wenye pikipiki, nikasubiri kuona nani ataita abiria kwanza ili nimfuate huko anakokwenda. Motari mmoja anayenifahamu alinisogelea, akashusha sauti, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, hujasikia? Ule muzee wa maboti amekufa kule Fizi. Bamekwisha kumuzika. Banasema ni karuho." Karuho ni ile sumu ya siri ambayo huku kwetu tunatajiwa tangu utotoni, na sijakutana bado na mtu aliyeiona ikitiwa kwenye kikombe. Nikamuuliza nani alimpa. "Bibi ya mutoto wake," akasema, yaani mkamwana wa mzee. "Njo ule alimupikia chai. Leo banamukalia kikao." Nikapanda nyuma yake. Njia nzima ya kupanda milima nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya maiti.

Marehemu alikuwa na maboti mawili ya kuvusha mizigo ziwani. Kwa muda mrefu alininunulia kahawa kila niliponasa Baraka, kwa sharti moja: nibishane naye. Alipenda ubishi kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa mtu wa pwani ya ziwa tangu kuzaliwa, aliyezoea nyumba ambayo milango na madirisha yake hubaki wazi mchana kutwa. Mwili ulipoanza kumlemea akajenga nyumba ya saruji na mabati kule juu, Fizi, apumzike na watoto wake. Kumbe baridi ya Fizi, ambayo wenyeji wake hata hawaiiti baridi, ilimtisha kuliko mawimbi yote aliyoyavuka. Alitembea huko kwa koti la sufu na kofia, akiwalalamikia watoto kwamba ukungu unamwingia mifupani.

Siku moja aliniita dukani kwake Baraka anionyeshe dawa ya ukungu. Ilikuwa sheminee ya gesi, moto wa kuwekwa ukutani, wenye kioo mbele na magogo ya bandia ndani, aliouvusha kwa boti pamoja na chupa zake. Aliupapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyemnunua. Nilizunguka nyuma nikaona tundu la duara na bomba la bati lililofungwa pembeni. Mimi niliacha shule mapema, lakini kila nikiona watu wanafunga kitu nisichokijua husimama nikauliza, na kule Bukavu niliwahi kubeba saruji kwenye hoteli iliyokuwa ikifungwa moto wa namna hiyo. Nikamwambia niliyoyaona: bomba linatoboa ukuta na kutoa nje pumzi ya moto, chini ya ukuta huachwa tundu jingine la kuingiza hewa safi, chupa husimama nje ya nyumba, na viungo vya mpira hupakwa povu la sabuni kuona kama gesi inavuja. Alicheka mpaka wateja wakageuka. "Moshi utoke wapi, we mutembezi? Gaz haina moshi! Nilinunua hii juu ya kukimbia moshi, na we unataka nitoboe ukuta baridi iingie?" Nikamwambia moto wowote unakula hewa, na ukiikosa unatoa kitu kingine, hakina rangi wala harufu, kinachoua. "Kama hakina rangi na hakina harufu, we ulikiona wapi?" Wateja wakampigia makofi. Alikuwa ameshinda ubishi, na kwake hilo lilitosha.

Nimefikiri sana kwa nini maneno yale hayakumwingia, na sidhani ni ujinga. Huko milimani watu wamelala kandokando ya moto vizazi na vizazi, na watoto wao wakaamka. Lakini walilala ndani ya nyumba za udongo na nyasi. Nyasi zile zinapumua. Ukiwa nje asubuhi unaona paa zima linafuka, kila uwazi unatoa moshi na kuingiza hewa, bila fundi kuhesabu lolote. Sasa tumeleta saruji, mabati, plafoni, yaani dari, ya mbao na milango ya chuma inayofungana barabara. Tumebadilisha nyumba yote, tukabaki na mazoea yaleyale ya kulala na moto. Tukiona matofali yenye matundu ambayo mwashi ameyaacha juu ya dirisha, tunayajaza viroba na magazeti, tukisema tunazuia mbu, baridi na macho ya watu. Nimelala katika nyumba nyingi za namna hiyo, mbabula, lile jiko la makaa, ikiletwa chumbani kwa heshima ya mgeni. Kila mara nimeitoa nje, na kila mara mwenye nyumba ameona ninamdharau.

Basi nilifika kwenye nyumba ambayo nilikuwa nimeisikia tu katika majigambo yake. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo turubai la matanga nje halikuwa na mtu. Wafiwa wote walikuwa wamejazana saluni, yaani sebuleni, mlango umefungwa. Nilipoufungua joto lilinipiga usoni. Ukutani, mbele ya kiti cha marehemu, kile chombo kilikuwa kinawaka! Ndugu zake walikuwa wamebadilisha chupa ilipoisha, wakaendelea kuota moto uleule uliomuua. Mwali wake ulikuwa wa manjano, mvivu, na kioo kimepakwa masizi. Shangazi wa watoto wa marehemu, mama mzee mwenye ulimi mkali, alikuwa ameegemea ukuta huku wanamnywesha maziwa ya kuondoa sumu. Mkamwana alikuwa amekalishwa chini karibu na mlango, peke yake, kichwa kimeinama. Mumewe, mtoto wa marehemu, alitazama sakafu. Mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiongoza kikao, aliniambia nikae, walikuwa wanamalizia. Kesho asubuhi huyu mwanamke angerudishwa kwa wazazi wake kule Swima, na watoto wangebaki.

"Shangazi anaumwa nini?" nikauliza.

"Kichwa. Na kutapika. Sisi wote kichwa," akajibu mdogo wa marehemu. "Karuho ya huyu bado iko ndani ya nyumba."

Shangazi akafungua jicho moja. "Mi nikitoka kwenda kukojoa, kichwa kinapona. Nikirudi hapa, kinaanza tena."

"Unasikia?" mdogo wa marehemu akaniambia kwa ushindi. "Iko ndani ya nyumba!"

Naomba mnisamehe, nilipiga kelele kwenye matanga. Nilikwenda ukutani nikazima moto, nikasukuma dirisha ambalo rangi ilikuwa imeligandisha, nikafungua mlango, nikawaambia wote watoke nje. Walitoka wakinung'unika, mmoja akisema mutembezi amerukwa na akili, mwingine akishika kichwa. Shangazi nilimbeba na kijana mmoja tukamweka kwenye kiti barazani. Kisha nilimshika mkono mdogo wa marehemu, tukazunguka nyuma ya nyumba. Fundi aliyeufunga ule moto alikuwa ametoboa ukuta vizuri, nampa heshima yake. Lakini lile tundu lilikuwa limezibwa kwa saruji, duara jipya jeupe, na tundu la chini vilevile. Nikauliza bomba liko wapi. Hakuwa na haja ya kulitafuta: lilikuwa limefungwa kwa waya chini ya ukingo wa bati, likipeleka maji ya mvua kwenye pipa.

"Yaya mwenyewe aliweka," akasema polepole. "Alisema pale ndani linaingiza baridi, hapa linasaidia bamama kuchota maji."

Nikamweleza kama nilivyomweleza kaka yake, ila safari hii hakuna aliyecheka. Marehemu alikaa na moto wake mlango umefungwa, hewa ikaisha, kile kitu kisicho na harufu kikajaa, akasinzia kitini, na usingizi ule haukuwa wa uchovu. Chai aliinywa kabla ya hapo kama alivyoinywa kila jioni. Mdogo wake alisikiliza akiligusa lile duara la saruji kwa kidole. Halafu akakunja uso. "Sawa, moto. Lakini chai ilipikwa na nani?"

Hapo niliona ukaidi ni wa ukoo. Angeweza kukubali fizikia yote ya dunia na bado mwanamke akaondoka kesho, kwa sababu tangu maziko hakuna aliyegusa chakula kilichopita mikononi mwake. Tuliporudi barazani nilimwambia mkamwana, mbele ya wote, kwamba nimetoka Baraka bila kunywa kitu, naomba chai.

"Papa, acha," akasema bila kuinua kichwa. "Ukikohoa tu, batasema nimekuua na wewe."

"Weka na tangawizi."

Alikwenda jikoni, kile kibanda cha nje ambacho moshi hupita unapotaka. Sote barazani tulisikia anavyopuliza moto. Akaleta kikombe kwa mikono miwili. Nikanywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Nadhani alipoteza hesabu ya sukari kwa hofu. Kila jicho lilikuwa kooni mwangu. Nilipomaliza, shangazi akakohoa yeye.

"Mimi munaniangalia tu?" akasema. "Kichwa kimepona, maziwa yenu yamenichosha. Mutoto, leta na yangu. Na huyu haendi Swima. Anayetaka aende, aende yeye, njia iko pale."

Mume akainuka bila kuambiwa na mtu, akamfuata mkewe jikoni.

Wamenipa pa kulala. Ni ile saluni, kwa kuwa hakuna mwingine anayeitaka, na nimekubali kwa sharti kwamba viroba vyote vitolewe kwenye matofali na chupa ikae uani. Ninaandika haya kabla giza halijaingia, nimevaa koti la sufu la marehemu nililoazimwa, meno yanagongana, na ningempa kahawa yote ya Baraka abishane nami dakika moja tu. Nimemkasirikia na sijui nitaacha lini. Wewe unayenisoma, ukitaka moto ndani, uwe wa gesi au wa makaa, upe njia ya kutokea na upe hewa ya kula. Ukiona tundu lolote mwashi ameliacha ukutani kwako, muulize la nini kabla ya kuliziba. Na kichwa kikiwauma wote nyumbani kwa pamoja, fungueni madirisha kwanza. Msianze kumtafuta mwanamke wa kumlaumu.