King'ora cha Mto Momba

Kwa miaka kumi na tisa Aida Mbonile alikuwa akisoma ubao wa kupimia maji darajani, mto Momba, mara mbili kwa siku. Alizika mume, akalea watoto wanne, na hakuruka siku. Mwisho wa mwezi fomu yake ilitiwa kwenye bahasha, ikaenda mjini kwa posta. Kama ilibeba habari ya hatari, ingefika watu wa bondeni wamekwisha kuzikwa.

Machi 2013 aliitwa Tunduma kwenye semina ya maafa. Alfajiri ile alipita darajani, akakuta maji yamepanda mita nzima tangu jana. Alipofika Tunduma alimweleza Amoni, ofisa wake.

"Jaza fomu, mama."

Semina yenyewe ilihusu tsunami. Mtaalamu alieleza vizuri, hilo Aida hakumnyima: ardhi ikitikisika chini ya bahari, mitambo hunasa mtikisiko, chombo kilichotegwa sakafuni hupima uzito wa maji yapitayo juu yake, boya hurusha habari hadi setilaiti, kituo hupiga hesabu, na ving'ora hulia pwani kabla wimbi halijafika.

Aida akasimama. "Ndugu mtaalamu, hapa bahari iko wapi?"

Ukumbi ukacheka. "Mvusheni mpaka, Nakonde, akaitafute!" mmoja akapaza sauti.

"Chekeni! Bondeni kuna mfugaji, Ngusa, na watoto sita kando ya mto. Maji yanamfuata. Chombo cha sakafuni ni mimi. King'ora changu ni nini? Bahasha?"

"Hiyo siyo mada ya leo, mama," mtaalamu akasema.

"Maji hayaulizi mada!"

Akatoka nje, akampigia Ngusa.

"Mayu, mama yangu, huku jua linawaka," Ngusa akacheka. "Ng'ombe wangu hunusa mvua kabla yako."

"Mvua imenyesha huku juu, wewe! Hamisha watoto kwanza, kisha unitukane ukiwa mlimani."

Ngusa akahama akinung'unika. Jioni mto ukabeba vibanda vyake vyote na ndama wawili. Watu walisalimika wote.

Wiki iliyofuata Amoni alimletea barua ya wakubwa wa mjini: onyo kali kwa kutoa taarifa bila idhini. Aida aliisoma mara mbili, akamrudishia.

"Wapelekee. Waambie nimeshakusanya namba ishirini na mbili za watu wa bondeni, na mto ukipanda nitampigia kila mmoja. Anayetaka kunifukuza, kwanza anioneshe nani atawaita."

Amoni akaikunja barua, akaomba zile namba azinakili.