Kompyuta Mama

Dada yangu ni fundi kompyuta katika ofisi ya maji. Wenzake humwita Fundi Barua, kwa kuwa hakuna baruapepe inayotoka pale bila yeye kuitengenezea njia. Zamani alizunguka meza hadi meza akiweka programu na anwani ya kila mtumishi. Siku hizi huandaa kompyuta moja tu, kisha mipangilio yake inasambaa kwa mtandao hadi kwenye nyingine zote. Ile ya kwanza anaiita mama, zilizobaki watoto.

Meneja aliposikia neno hilo, akataka mama iwe kompyuta yake. Ndiyo mpya, alisema, tena ya mkubwa. Dada akamweleza kwamba watoto watarithi kila kitu, hata jina la mwenyewe. Meneja akacheka, akamwambia abonyeze tu, mambo ya uongozi awaachie viongozi. Akabonyeza.

Asubuhi ofisi nzima ilikuwa mameneja watupu. Karani wa malalamiko aliwaandikia wenye mabomba makavu waje waonane naye, na barua zikatoka kwa jina la meneja. Wakaja na ndoo zao, wakajaa mlangoni kwa bosi. Bosi mwenyewe alipokea barua kutoka kwake mwenyewe, akijiomba likizo ya uzazi.

Nyumbani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kesho yake dada akawekewa karatasi mezani: akiri kwamba alibadilisha mipangilio bila idhini, au asimamishwe kazi. Bila idhini! Idhini ilikuwa imesimama nyuma ya kiti chake ikinywa chai. Na wenzake waliosikia kila neno wakainamisha macho kama waliodondosha sindano. Chuoni tulifundishwa kurasa na kurasa za uwajibikaji. Hatukuambiwa kwamba maana yake ni kumtafuta wa chini wa kumtwisha.

Shemeji alimsihi mkewe atie saini yaishe. Mimi nilimwambia aichane. Hakumsikiliza yeyote kati yetu. Alizirekebisha kwanza kompyuta zote, akateua mama nyingine, kila mtu akarudishiwa jina lake, ndipo akaingia kwa meneja.

"Bosi, jina lako limeshazunguka ofisi nzima," alimwambia. "Langu kwenye karatasi hii haliingii."

Akasimamishwa.

Haukupita muda wakaajiriwa watumishi wapya, na hakuna aliyejua kuwawekea baruapepe. Meneja akapiga simu, sauti laini kama ya mgonjwa.

"Dada yangu, hivi mama ni ipi?"

Nilimwashiria akate. Hakukata.

"Nitakuja kukuonyesha, bosi. Kwanza niandikie kwamba amri ilikuwa yako na kazi yangu iko palepale. Uitume mwenyewe, maana sasa jina lako linatoka kwako tu."

Barua iliingia kabla ya jioni. Dada aliisoma mara mbili, akaanza kutafuta viatu vyake. Shemeji akashukuru Mungu. Mimi bado nachemka: walimrudisha kwa sababu walikwama, si kwa sababu walimwonea.