Muziki wa Baba na Fundi wa Njia Panda

Pasaka iliyopita nilirudi nyumbani Elerai, na mtoto wa kaka yangu akatoa spika yake ndogo, haizidi kikombe cha chai, akaiweka juu ya stuli na kuiunganisha na simu. Kwaya ikajaa sebule nzima. Nikacheka, maana wewe uliyekulia enzi za ruksa unajua zamani sebule ilijazwa na nini. Baba, ambaye siku hizi anasikia kwa sikio moja, aliitazama ile spika kwa dharau, akasema, "Asingekuwa yule fundi, muziki wangu ungekuwa unalia mpaka leo." Kicheko kikanikauka mdomoni. Nina miaka arobaini na kitu, nina watoto wangu, na bado maneno hayo yananifanya nitazame sakafu.

Ngoja nikuanzie mbali kidogo. Wakati ule wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara, maduka ya mjini ndiyo kwanza yalikuwa yanajaa vitu. Sisi tuliozoea kuona mama zetu wakipanga foleni ya sukari tukaanza kuona televisheni zimepangwa madirishani, na watu wakienda Dubai na kurudi kama wanakwenda Moshi. Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari, na biashara ilikuwa imemkubali. Mama alikuwa amemwomba cherehani. Aliomba taratibu, kwa miezi, anavyoomba mwanamke anayemjua mumewe: leo kwa mtori mzuri, kesho kwa shati lililopigwa pasi likanyooka. Jumamosi moja gari la mizigo likasimama mlangoni, mama akatoka anafuta mikono kwenye khanga, na kilichoshushwa hakikuwa cherehani.

Ilikuwa risiva ya Kijapani, nyeusi, pana, nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Ilikuja na spika tano: mbili kubwa za mbele, moja ya kukaa chini ya televisheni, na mbili za kutundikwa ukutani nyuma ya makochi. Neno hilo, risiva, alilijua fundi aliyeiunganisha peke yake. Sisi na mtaa mzima tuliuita Muziki. Ulikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha, laini, na taa ya kijani iliyokuwa inawaka taratibu kama inaamka. Baba alituambia sheria siku ileile: mwenye mkono wa kuugusa ni yeye, na akiwa hayupo, hakuna.

Na ulilia, ndugu yangu. Bibi alipokuja kutoka Machame alikalishwa kochi la katikati, baba akaweka mkanda wa video, na katika ile filamu mtu akazungumza kupitia spika za nyuma. Bibi akageuka mzima mzima. "Huyu aliyeko nyuma yangu," akauliza, "mbona anaanza maongezi bila kusalimia?" Tulicheka mpaka machozi, na baba akaurudisha mkanda sehemu ile mara tatu. Jumapili baada ya ibada majirani walikuja kusikiliza kanda za kwaya, wanakaa kimya kama kanisani, na harufu ya ndizi za kukaanga inatoka jikoni. Nikikumbuka furaha ya baba siku zile, namwonea huruma hata kabla sijafika panapouma.

Aliyeunganisha nyaya zote alikuwa fundi wa njia panda. Alikuwa Mmeru wa kutoka juu mlimani, mtu mrefu, mpole, mwimba besi wa kwaya yetu, mwenye kibanda cha mbao kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alimwita baba "Mangi" kwa utani, kama chifu wa Kichaga, na baba alimwita "Daktari". Kabla hajafungua chombo chochote alikuwa anaweka kiganja juu yake na kutulia, kama mama anayempima mtoto homa. Kila akija kwetu hakukosa kuleta mkungu mdogo wa ndizi kutoka shambani kwa mama yake. Nilimpenda kwa sababu alijibu maswali yangu yote, hata ya kijinga.

Sasa nikueleze habari ya vitambaa, maana ndipo kisa kilipo. Unakumbuka sebule za mama zetu? Kitu kisichokuwa na kitambaa kilikuwa kama mtoto asiyevaa suruali mbele ya wageni. Makochi yalikuwa na vitambaa, stuli zilikuwa na vitambaa, televisheni ilikuwa nacho, chupa ya chai ilikuwa nacho, na mama na wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa wanafuma kwa kroshia hata kwenye foleni ya zahanati. Kaka yangu alikuwa anakaribia kupata kipaimara, na kwa ajili ya siku hiyo mama aliamua kufuma seti nzima mpya: nyeupe, pindo la waridi, njiwa wawili katikati. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Muziki. Upande mmoja wa pindo lake nilifuma mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mikono ambayo mama hakuifumua.

Wiki moja kabla ya sherehe fundi alikuja kuusafisha Muziki vumbi. Baba alikuwa dukani na mama sokoni. Akaufungua, akapuliza, akakaza skrubu, akaufunga. Akaona kile kitambaa kimekunjwa juu ya stuli, akakishika, akasifia njiwa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mwambie mama, huyu anapumua kwa juu. Unaona haya matundu? Akiwa anafanya kazi asifunikwe hata kwa leso. Kitambaa avishwe akiwa amelala. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Mama aliporudi alikuwa amechoka, lakini alichukua kile kitambaa, akakitandaza juu ya Muziki kwa kupima, pindo langu likaangukia upande wa mbele, upande watakaouona wageni. Akaniita, "Njoo uone kazi yako, mama." Nikaja, nikaona. Sikumwambia kitu. Kesho yake nilikumbuka tena, na kwa mara nyingine sikumwambia, na nimejiuliza maisha yangu yote kama nilisahau. Sikusahau.

Siku ya kipaimara watu walijaa mpaka uani. Muziki uliwashwa mapema mchana, kanda baada ya kanda, sauti juu, njiwa wamekaa juu yake. Baba alikuwa nje na wanaume wenzake wanakata ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ananyoosha kisu na kutaja nani apewe kipande gani kwanza. Mimi nilikuwa napitisha soda. Harufu ilipoanza nilidhani pilau limeshika chini. Kisha kwaya ikakatika katikati ya neno, na moshi mwembamba ukapanda.

Mama alifika kabla ya mtu yeyote. Alichomoa waya ukutani, akakivuta kitambaa, kikakwama kidogo kwa sababu uzi wa nailoni ulikuwa umeyeyuka, akakivuta tena kwa nguvu, akakisokota ndani ya khanga yake na kukipeleka chumbani. Alipotoka macho yetu yakakutana. "Nenda kaangalie wageni kama wana soda," akaniambia, sauti yake ya kawaida kabisa. Nilimwelewa, na wewe mwelewe. Mwanamke aliyenyimwa cherehani akaunguza Muziki, nani angeamini kwamba hakukusudia?

Fundi alikuwa miongoni mwa wageni, amevaa suti yake ya kwaya. Baba alimwita mbele ya watu. "Wiki iliyopita umeufungua sipo. Leo umekufa. Nieleze." Fundi akavua koti, akaomba bisibisi, akaweka kiganja juu ya Muziki kama kawaida yake, akakiondoa upesi. Kisha akainama kwenye matundu. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona alichokiona: uzi mweupe na wa waridi, umeganda kwenye bati. Akaukwangua kwa ukucha. Akatazama vitambaa vya makochi, akamtazama mama mlangoni, akanitazama mimi. Nikasema moyoni, sasa atasema. Alikunja kile kipande cha uzi kiganjani, akakitia mfukoni.

"Mangi, nisamehe," akasema. "Niachie niuchukue, nitajaribu kuutibu."

"Uuchukue umalizie kutoa vifaa vilivyobaki?" baba akamjibu. "Ninyi mafundi mmeniwekea takataka ndani, mkauza orijino. Samaki mmoja akioza, wote wameoza!"

Fundi akavaa koti lake, akamwambia mama, "Asante kwa chakula, shemeji," wakati chakula hakikuwa kimegawiwa bado. Akaondoka.

Baba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mdomo. Aliwaambia wazee wa kwaya, akawaambia wafanyabiashara wenzake, akawaambia wateja waliokuja kununua plagi. Mtaa ulipenda habari ya fundi mwizi kwa sababu kila mtu alikuwa na redio iliyomfia na hakujua amlaumu nani. Masika hayajaisha, kibanda kikafungwa. Kabla hajahama nilikutana naye mara moja bombani. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Ndoo yangu ilikuwa haijajaa, lakini niliibeba hivyohivyo nikakimbia nayo.

Mama alifariki bila kulizungumza jambo lile, na sikuwahi kumuuliza. Njia panda ile leo ina maghorofa ya vioo, mafundi wanatengeneza simu, na Muziki uliuzwa kama chuma chakavu. Nyumba zina mageti, hakuna anayeingia kwa jirani kusikiliza kwaya. Lakini hayo siyo yanayoniuma. Vitu huenda na vingine huja.

Basi Pasaka hiyo, baba aliposema yale maneno, wajukuu walipotoka nje nilimweleza yote. Kitambaa, pindo langu, ujumbe ambao sikuufikisha, uzi mfukoni mwa fundi. Alisikiliza amenigeuzia sikio lake zima. Sikutegemea hasira yake, na haikuja. Aliuliza kitu kimoja, "Yuko wapi?"

"Nilishamtafuta, baba. Nilipanda mpaka kwao miaka kadhaa iliyopita. Alishafariki. Mke wake alinipa maziwa, na sikuthubutu hata kumwambia mimi ni nani."

Baba akaanza kuhesabu kwa vidole wale aliowaambia habari ya fundi. Huyu alikufa. Huyu alikufa. Huyu alihamia kwa mwanawe, akafia huko. Alirudia vidole vya mkono wa kwanza, akasimama. "Wamebaki wawili," akasema. "Nichukulie fimbo."

Tukaenda Jumatatu ya Pasaka, nimemshika mkono. Mzee wa kwanza alitukaribisha chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba hamkumbuki fundi yeyote, na mambo ya zamani tumwachie Mungu. Baba alishukuru, hakugusa chai. Wa pili alikuwa amekaa barazani anaota jua. Macho yamemwisha, lakini alimtambua baba kwa sauti. Baba hakuzunguka. Alisema amekuja kwa ajili ya yule fundi Mmeru wa njia panda, aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya.

Uso wa mzee ukachangamka. Alifurahi, nafikiri, kwamba kichwa chake bado kinafanya kazi.

"Aa, namkumbuka vizuri sana," akasema. "Si yule mwizi?"