Nyanya Atapiga Simu Leo

Ijumaa, siku yetu ya ibada huku ughaibuni, nilikuwa nimeketi nyuma ya chumba cha watoto kanisani, Mesaimeer. Mwalimu alikuwa akiwaeleza kiapo cha kikundi chao.

"'Nitasema kweli hata ikiniuma.' Nani atanipa mfano?"

Msichana wa miaka tisa hivi aliinua mkono, kisha akaushusha nusu.

"Teacher, baba alikufa Jumatatu. Mama amesema nyanya akipiga simu nimwambie baba yuko kazini, mpaka mwili ufike nyumbani. Nyanya atapiga leo. Niape, ama ningoje?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Ngoja, mtoto wangu. Hiyo simu ni ya watu wakubwa." Akamwendea mama wa msichana mlangoni, akamuuliza kuhusu simu hiyo.

"Teacher, mama mkwe ni mgonjwa wa moyo. Ataanguka."

"Basi tafuta jirani akae naye, halafu umwambie wewe. Mtoto usimtume."

Sisi watu wazima tukishindwa na neno, tunampa mtoto alibebe. Mke wangu alipofariki nyumbani, mimi nikiwa huku, mwanangu ndiye aliyeagizwa aniambie mama amelala. Nilimsamehe, Mungu ni shahidi. Lakini mpaka leo, nikimuuliza hata kama amekula, hunyamaza kwanza.