Masikio ya Baba Yaliyopotelea Njiani

Baba yangu si kiziwi. Hilo atakuambia mwenyewe, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Shida ni watu wa siku hizi, hawajui kusema, wanasemea tumboni. Imamu anasemea tumboni, wauza samaki wanasemea tumboni, hata sisi watoto wake tuliozaliwa na sauti nzuri tumeiga ubaya huo. Zaidi ya miaka thelathini aliendesha boti ziwani, kati ya mji wetu wa Baraka na Uvira, mota ikinguruma nyuma ya kichwa chake, na ile mota ilimla masikio kidogo kidogo. Lakini jaribu kumwambia.

Nyumbani tulizoea. Tulichoka kidogo na tulicheka sana, mpaka siku ile jirani alipomfuata nje ya msikiti kumwambia kwamba amefiwa na mke. Baba aliona mdomo unacheza, akaona anashikwa mkono, akadhani anasalimiwa. Akatabasamu na meno yote, akasema, "Alhamdulillahi! Ni muzuri sana!" Mzee mmoja akamvuta pembeni, akampigia kelele sikioni mpaka akaelewa. Tangu siku ile baba akimaliza kuswali anarudi nyumbani moja kwa moja. Hakai tena na wazee wenzake. Anakaa uani kwenye kiti chake, redio juu ya magoti. Mimi nafundisha Fizi, juu mlimani, na mama aliponisimulia habari hiyo kwa simu niliumia sana. Mtu aliyekuwa anachekesha abiria ziwa likichafuka, leo anajificha kama mwenye deni!

Basi nikafanya wanavyofanya watu wa leo, nikaingia kwenye simu. Nilisimama nyuma ya ofisi ya serikali ya teritware, ambapo rezo ya simu inashika vizuri, nikatafuta mpaka nikapata duka moja la mbali linalouza mashine ya masikio. Kitu kidogo, rangi ya ngozi, walisema. Ngozi ya nani sijui, yetu siyo. Nikakubali kila kitu, nikafika kwenye fomu ya anwani. Jina la barabara. Namba ya nyumba. Kodi, ile namba ya posta. Nyumba yetu Baraka ina mlango wa bati la buluu na mbuzi wa jirani anayelala kizingitini, lakini namba haina. Niliandika habari za mlango na mbuzi, fomu ikakataa. Nikajaza sufuri kila mahali, ikakubali palepale. Kumbe ndiyo anwani yetu! Mzigo ungefika kwa wakala mmoja Uvira, naye angeutia kwenye boti inayoshuka Baraka, juu yake pameandikwa namba yangu ya simu. Nikamwambia mama peke yake, akasema ni vizuri, Mungu akipenda.

Baada ya wiki nyingi simu ikanipa ujumbe: mzigo wako umefika, asante. Umefika wapi? Nikawaandikia wenye duka. Jibu likaja hata sijashusha kidole: rafiki mpendwa, tunafurahi kwamba umeridhika. Nikaandika kwamba sijaridhika hata kidogo, mzigo sijauona. Wakafurahi tena. Nafikiri ilikuwa mashine inayojibu, na kama alikuwa mtu, Mungu amsaidie.

Nikampigia wakala wa Uvira. "Madamu, mi nilituma! Picha iko." Akanitumia picha ya boti yenye magodoro, magunia ya unga, ndoo za plastiki, na kidole chake kikubwa kikionyesha katikati ya vitu hivyo vyote. Nilikuza picha mpaka ikawa ukungu. Kidole tu ndicho kilichoonekana vizuri. Mwenye boti naye akaniambia alishusha kila kitu Baraka, niulize bandarini. Jumamosi iliyofuata nikashuka kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, nikamkuta mlinzi wa bandari. Akainua turubai moja, akaliacha lianguke.

"Haiko."

"Umeangalia muzuri?"

"Mwalimu, hata mi niko na macho."

Baraka kitu kikipotea, awe mbuzi, iwe karte ya kura, ndiyo kitambulisho chetu, njia ya mwisho ni redio. Unapeleka karatasi yako, wanasoma. Kwa hiyo wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, nikaenda. Mtangazaji akasoma nilichoandika, akanitazama kwa huruma.

"Paketi. Paketi ya nini?"

"Ni kitu ya siri kidogo."

"Sasa kama ni ya siri, bantu batatafuta nini?"

Alisema kweli. Nikaandika: mashine ya masikio. Akataka pia namba ya simu, hapo nikakataa kabisa. Mwanamke asiye na mume akisomewa namba redioni, Baraka nzima itampigia, na si kwa ajili ya mzigo. Tukakubaliana kwamba mwenye kuiona ailete pale mlangoni kwao.

Jioni ile tulikuwa uani watatu. Mama anachambua mchele, mimi nabana nywele zangu, na baba ana redio magotini, ameifungulia mpaka mwisho kama kawaida yake. Majirani zetu hawanunui betri, wanasikiliza ya kwetu. Ghafla sauti ya mtangazaji ikatoka: "Tangazo! Tangazo! Imepotea mashine ya masikio ya muzee wetu, captain wa zamani, inatoka ng'ambo ya bahari!" Hayo ya captain wa zamani sikuyaandika mimi, mtangazaji aliyaongeza mwenyewe kwa mapenzi. Akasoma mara tatu. Redio ilitetemeka juu ya magoti ya baba yangu. Kuku walihama. Baba akainua kichwa, akanitazama kwa wasiwasi.

"Nani amekufa?"

Redioni kwetu sauti kama ile huwa ni ya matanga. Niliuma kitenge changu nisicheke, machozi yakanitoka. Mama akamtikisia kichwa, hakuna, akarudi kwenye mchele wake. Habari ile ilikuwa imesikiwa na Baraka nzima, isipokuwa mtu mmoja.

Kesho yake mtaa ulibadilika. Watu wa Baraka wana roho nzuri, tatizo ni kwamba wanaionyesha wote kwa wakati mmoja. Kila aliyepita mbele ya mlango wetu alisimama akapiga kelele: "ASALAAM ALEIKUM, MUZEE!" Wenye pikipiki walipunguza mwendo ili wapige kelele vizuri. Mwalimu wa kwaya ya Waprotestanti, mtu mwenye kifua, alimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara na baba akaitika. Alifurahi mno. Aliniita kwa jina langu la mapenzi, "Mama, kuja hapa. Umesikia? Leo bantu banasema muzuri. Si niliwaambia shida iko kwao?" Nikamwambia ni kweli, baba. Niliingia ndani nikakaa juu ya kitanda, na sikucheka tena.

Mimi mchana ule nilishinda mlangoni kwa watu wa redio nikipokea vitu. Nililetewa waya za simu za kusikilizia muziki, jozi mbili. Nikaletewa rimoti ya televisheni. Mama mmoja alileta ile mashine ya kupima presha, haina mpira wake, akaniuliza kama si yenyewe. Nikamshukuru. Hata nilipomaliza kushukuru wote, masikio ya baba yangu hayakuonekana, na Jumatatu darasa langu lilikuwa linaningoja Fizi.

Jumapili asubuhi nikaenda bandarini mara ya mwisho, nimekata tamaa. Mlinzi aliponiona akacheka.

"Mwalimu! Si mulishaipata?"

"Tulipata nini?"

"Ile paketi. Niliposikia redio nikatafuta tena, ilikuwa chini ya majile, yale makoti ya kuogelea. Jana mapema mwenyewe akakuja, nikamupa."

"Mwenyewe nani? Mwenyewe ni mimi!"

"Mi ni muntu wa Lusenda, bantu ba hapa siwajue bote. Ni mama mumoja muzee."

"Ulimwomba karte?"

"Karte ya nini? Nilimwambia ataje namba yenye iko juu ya paketi. Akataja yote mpaka mwisho, hata simu hakutoa."

Namba yangu hakuna anayeijua kwa kichwa. Siku hizi namba zetu zote zimekaa ndani ya simu, hata mimi nikiulizwa ghafla nababaika mwishoni. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeijua. Hakumaliza shule, anasema simu inaweza kuibiwa lakini kichwa hakiibiwi, na kila Ijumaa ananipigia akibonyeza tarakimu moja moja kwa kidole cha kati. Ni mama yangu.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Ndiyo, nilimkasirikia mama yangu mzazi, na maneno niliyapanga njia nzima. Nilifungua mlango wa mbele, nikavuka sebule, na kabla sijatokea uani nikasikia sauti yake. Alikuwa ameketi kando ya baba anamenya mihogo, anaongea. Si kwa kelele. Aliongea kwa sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake, na baba anatazama barabara.

"Dada yako ule, mi sikumupenda hata siku moja. Alikuwa anahesabu nyama kwenye sahani yangu. Na ile shati yako ya kijani ni mubaya, nilitaka kuipasua mbele ya sikukuu. Unakoroma. Unasema haukorome, unakoroma." Akatupa muhogo kwenye beseni, akachukua mwingine. "Na mutoto wetu wa kwanza tulimuacha kule Tanzania, kwenye udongo ya bantu. Haukuniuliza. Ulisema tu, kesho tunapanda boti. Mi nilitaka kubakia karibu naye." Akageuza muhogo. "Hii imeoza."

Yule kaka yangu simkumbuki. Alikufa kambini, wakati tumekimbia vita, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nyumbani kwetu hatajwi. Nilidhani wamemsahau, na hasira yangu yote ikanitoka, nikaona aibu. Nikamwita mama ndani kwa mkono.

"Mama, iko wapi?"

Hakukana. Alifungua sanduku la vitenge vyake, akatoa paketi chini kabisa, haijafunguliwa.

"Nilitaka nikae nayo siku kidogo tu," akasema.

"Lakini kwa nini? Unamuona anavyokaa peke yake!"

"Wakati alikuwa anasikia, mi nilikuwa nasema? Alikuwa anasema yeye, mi naitika. Sasa miaka ine niko nasema kila kitu, na nyumba haivunjike. Wewe ukimuwekea hiyo, mi nitasemea wapi?"

Nilitaka kumwambia atamwambia tu baba, kuna ugumu gani. Nashukuru nilinyamaza. Mimi nimesoma na nina kazi yangu, na mambo mangapi nimeshindwa kumwambia mtu anayesikia?

Tukasikia baba anaita kutoka uani. Hakujua kwamba tulikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

"Muko wapi? Muliniacha?"

Ilikuwa sauti kubwa, na ndani yake kulikuwa na woga. Sijawahi kumsikia baba yangu akiogopa, hata ziwani. Mama akatazama paketi mkononi mwake, akaitazama tena.

"Haya," akasema. "Kamuwekee."

Baba alikataa kwanza, bila shaka. Yeye si kiziwi. Nilimwambia ni zawadi yangu, avae kunifurahisha tu, akanitolea sikio kama mtu anayechomwa sindano. Nikaiwasha. Akaruka kwenye kiti.

"Nani anafagia?"

"Ni jirani, baba. Kule nyuma."

"Anafagia na hasira! Na hizi kuku zote ni zetu?" Akasikiliza. Akagonga mkono wa kiti kwa kucha, akasikiliza hiyo nayo, akacheka peke yake kwa sauti ndogo ambayo nilikuwa nimeisahau. Kisha akamgeukia mama, ambaye alikuwa anamenya mihogo haraka haraka, kichwa chini.

"Na wewe? Kila siku naona mudomo yako inakimbia. Leo inasimama kwa nini? Ulikuwa unaniambia nini?"

Mama akamaliza muhogo aliokuwa nao, akaweka kisu chini.

"Mutoto," akasema. "Ule tulimuacha. Haukuniuliza."

Jirani aliendelea kufagia. Baba akanyanyua mkono polepole mpaka kwenye sikio, nikajua sasa anaitoa, nikasogea niipokee isianguke. Hakuitoa. Aliisukuma ndani zaidi kwa kidole, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Sema tena," akamwambia. "Sema yote."