Nilivyodai Pikipiki ya Idara

Pikipiki za maafisa ugani zilipoletwa kwenye halmashauri yetu, nilikuwa nimeshafanya kazi miaka kadhaa upande wa bondeni, Ivuna, kama afisa mifugo. Nilikuwa nawafikia wafugaji kwa kudandia malori ya chumvi, boksi la chanjo mapajani. Lori likiharibika njiani barafu iliyeyuka, na chanjo ikaishia kutupwa. Kwa hiyo siku ya mgao nilikwenda na furaha, hata kofia ngumu nilikuwa nimeazima kwa mdogo wangu.

Jina langu halikusomwa. Yalisomwa ya wenzangu wanaume, hadi yule aliyeajiriwa juzijuzi. Nilipomfuata mkuu wa idara hakunifokea. Alinikaribisha kiti, akanieleza kwamba njia zile si za mwanamke, tena mwenye mtoto anayenyonya.

"Mwanangu, nakulinda," alisema.

Ule upole ndio ulioniuma. Angenitukana, ningejua la kumjibu.

Wenzangu walinishauri ninyamaze nisije nikahamishwa. Nilipompigia simu mama yangu kule Ibaba, aliuliza tu kama njia ninayokatazwa kupita kwa pikipiki nimekatazwa pia kuipita kwa lori. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi alikuwa muuguzi mkongwe, mama anayekaribia kustaafu. Nilimfuata nyumbani kwake kule Mpemba. Alisoma malalamiko yangu, akanirudishia. Alisema nimejaza hasira, wakati mwajiri anataka kujua nini kilitokea, nani alisema nini, na mimi naomba nini. Nikaandika upya mezani kwake huku yeye amembeba mwanangu mgongoni. Akanionya kwamba barua lazima ipitie kwa mkuu wa idara huyohuyo, ndio utaratibu, na nakala yangu igongwe muhuri.

Kumkabidhi mtu barua inayomlalamikia si kazi ndogo. Niliiweka mbele ya mkuu wa idara. Aliisoma, akasaini, hakuninyanyulia macho.

Majibu yalichelewa. Mvua zilinyesha zikaisha, nikaanza kuona kwamba walionishauri ninyamaze walikuwa sahihi. Ndipo afisa utumishi akatuita, na yule muuguzi akaja kukaa upande wangu. Mkuu wa idara alirudia maneno yake ya njia mbaya, akapendekeza nipimwe kwanza kama naweza kuendesha.

"Kupimwa sikatai, mzee," nikasema. "Ila tupimwe wote."

Afisa utumishi akamuuliza nani kati ya waliopewa alipimwa. Hakuna. Akauliza kama kuna mwongozo unaowatenga wanaonyonyesha. Haukuwapo. Mkuu wa idara alivua miwani, akasema hakuwa na nia mbaya. Nilimwamini na nikamwambia hivyo, lakini nikaongeza kwamba ng'ombe bado wanasubiri chanjo.

Nilipewa pikipiki iliyorudishwa na mwenzetu aliyehamia wilaya nyingine, kioo kimoja kimevunjika. Kwa muda mrefu mimi na bosi tuliishia kwenye salamu. Ila mgao uliofuata, afisa mpya wa kike alipewa yake bila mjadala, na mkuu wa idara mwenyewe akamwelekeza kwangu nimfundishe njia za bondeni.

Jumamosi nilimpeleka kwenye mchanga wa mto mkavu. Alianguka, akajipangusa sketi, akaniomba nisimsaidie kuinyanyua pikipiki.